Rufaa za Dharura Milimani Lushoto: Nani Anampokea Mgonjwa kutoka kwa Nani

Gari la wagonjwa likitajwa, watu wengi huwaza king'ora na dereva mwenye haraka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuratibu rufaa katika Milima ya Usambara Magharibi, huwaza kwanza makabidhiano, kwa sababu huku kwetu ni nadra mgonjwa mahututi kusafiri kwa chombo kimoja tangu nyumbani hadi kitanda cha hospitali. Kitongojini anabebwa kwa machela ya miti miwili na blanketi, vijana wakipokezana mabega hadi barabara inapoanza. Hapo anapakiwa kwenye gari la mwanakijiji. Kituo cha afya kinamwingiza kwenye ambulensi. Na hali ikizidi uwezo wa hospitali ya wilaya, anateremshwa hadi Mombo na kuendelea na safari ya Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Tanga mjini. Muda unaopotea zaidi ni ule wa kusubiri kwenye maungio hayo, ambako kila upande unadhani mwenzake ndiye anayepaswa kuanza kutoka.

Kwa akina mama na watoto wachanga, maungio hayo yamepata msimamizi. Mfumo wa m-mama, ambao Serikali inauendesha kwa ushirikiano na Vodafone Foundation na Touch Foundation, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukaanza kusambazwa kitaifa. Mama, ndugu yake au muuguzi wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Mhudumu anayepokea simu anauliza maswali yaliyopangwa, anapima uzito wa hali, anachagua kituo chenye uwezo wa kuihudumia na kutafuta usafiri. Ambulensi ikiwa mbali au ina mgonjwa mwingine, anaitwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari anayeishi karibu, ambaye alisajiliwa mapema na gari lake likakaguliwa. Akishamfikisha mgonjwa, nauli yake inaingia kwenye simu. Wengi husifia teknolojia ya mpango huu, lakini kwa maoni yangu nguvu yake kubwa ni kwamba suala la nani analipa lilimalizwa kabla simu haijapigwa. Dereva anayejua atalipwa haanzi kujadiliana bei na mume wa mtu saa nane za usiku kwenye mvua.

Maswali yenyewe lazima yawe ya kujibika na mtu aliyeshika tochi. Hakuna maana ya kumuuliza mama mkwe ni mililita ngapi za damu zimepotea. Anaulizwa ni kanga ngapi zimelowa, na kama mzazi anaitika akiitwa jina. Majibu hayo yanatumwa mbele kwa kituo kinachopokea, ili timu ya upasuaji iamshwe na ndugu wenye uwezo wa kuchangia damu watafutwe wakati gari bado linakata kona.

Jambo jingine linaloonekana dogo ni saa. Kwenye simu sote tunasema saa za Kiswahili, lakini fomu ya rufaa inajazwa kwa mfumo wa saa 24. Mama mwenye kifafa cha mimba akipewa dozi ya kuanzia ya magnesium sulfeti, dawa ya kuzuia degedege, katika zahanati, na mtu akaandika "saa 8" bila maelezo zaidi, anayempokea hajui kama ni asubuhi, mchana au usiku wa manane, na hawezi kupanga dozi inayofuata kwa usalama. Kwa hiyo tumekubaliana na vituo vyote kwamba muuguzi anayesindikiza anausoma muda huo kwa sauti, na anayepokea anaurudia kabla ya kutia saini. Vivyo hivyo kwa machela: yetu ikiingia wodini na mgonjwa, tunaondoka na nyingine ya hospitali hiyo, la sivyo ambulensi inarudi mlimani ikiwa gari la kawaida tu lenye taa.

Wadau wasio wa afya tunawahitaji zaidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Barabara ya lami ya Mombo, Soni hadi Lushoto, iliyochongwa ubavuni mwa mlima, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na barabara nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Udongo ukiporomoka, simu ya kwanza inapaswa kutoka kwa mtendaji wa kijiji, naye anapaswa kujua ampigie nani kwa barabara ipi. Kifusi kisipoondoka upesi, tunaomba gari la upande wa pili lije hadi kwenye kizuizi, na mgonjwa anavushwa kwa machela ikiwa wataalamu wa barabara wamesema mteremko umetulia. Wasipotoa neno hilo hatuvushi mtu, hata ndugu wakilalamika.

Ajali zina utaratibu wake. Gari likiingia korongoni, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114, ila katika milima hii wanakijiji wenye kamba karibu kila mara huwa wamefika kwanza, kwa hiyo ni busara kuwafundisha wao jinsi ya kumnyanyua mtu bila kumkunja shingo. Polisi wanalinda eneo na kutoa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Nasisitiza kwa madereva na ndugu kwamba majeruhi haendi kituo cha polisi kwanza. Tunazuia damu, tunampeleka hospitali, na fomu inamfuata huko.

Kasoro kubwa iliyobaki ni kwamba m-mama inahusu uzazi na watoto wachanga. Mkulima aliyeumwa na nyoka au kijana mwenye kidole tumbo anategemea gari la halmashauri, na katika maeneo mengi ya nchi ndugu bado huombwa kuchangia mafuta kabla gari halijatoka. Madereva wa jamii wapo, wanazijua njia, na magari yao yameshakaguliwa. Kinachokosekana ni kifungu cha bajeti cha kuwalipa kwa wagonjwa hawa wengine, na ndicho ninachokiomba kila halmashauri inapopanga bajeti.