Mtoto na sufuria tupu: maswali ya wazazi wa Goma kuhusu michezo

Mtoto wangu ana miezi minne, hata kukaa hajui. Atacheza nini?

Mchezo wake ni wewe. Akisema "aguu", mjibu "aguu", kisha nyamaza umsubiri. Atarudisha. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wetu tunakosea: tunamjazia maneno kabla hajapata zamu yake. Akiwa macho, mlaze kifudifudi mkekani dakika chache chache, ukiwa karibu, hadi zitimie nusu saa kwa siku.

Natoka alfajiri kwenda soko la Virunga, narudi giza limeingia. Nicheze saa ngapi?

Cheza ndani ya kazi. Ukichambua sombe, yaani majani ya muhogo, mpe jani moja alikunje, umwambie ni kubwa au dogo. Ukimwogesha, taja sikio, goti, kisigino. Ukipika, mpe sufuria tupu na mwiko apige, naye awe mbali na moto wa makala (mkaa). Kelele zitakuchosha, najua. Na baba aliyeshinda akisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, asiseme michezo ni ya mama: mtoto akimrushia mpira wa matambara, aurudishe.

Bila vichezeo vya dukani mtoto hatabaki nyuma?

Hatabaki. Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walifuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwetu Kivu tunawajua watoto wa namna hiyo: umri unaenda, kimo hakiendi. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya mara moja kwa wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuja kucheza na mtoto huku mama akitazama. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza naye, kwa vitu vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakufundishwa michezo hiyo. Chakula bado kinahitajika, mchezo haushibishi. Lakini uji pekee haumfundishi mtoto kusema.

Simu inamtuliza. Kuna ubaya?

Kabla ya miaka miwili, usimpe. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2019. Simu husema tu, haimsubiri mtoto ajibu.

Uwanja wetu ni mawe ya volkano. Acheze wapi?

Hapo hapo, ukimwangalia. Kupanda na kushuka jiwe kunakomaza miguu. Ila vifuniko vya chupa na maharagwe vinaweza kumkaba aliye chini ya miaka mitatu. Pia mashimo na mabonde yanayojulikana kuwa na mazuku, gesi ya volkano inayoua, asiyakaribie kabisa: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na pua ya mtoto iko chini kuliko yako.

Nitajuaje kuna tatizo?

Akifikisha mwaka bila kubwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole, miezi 18 bila kutembea, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kituo cha afya. Wakikuambia "wavulana huchelewa", nenda vilevile. Siku ya kupima kilo mwambie muuguzi mwenyewe. Foleni ni ndefu, huenda asikuulize.