Je, wajua kwa nini filamu ya Whiplash hututoa jasho?

Ndani ya Whiplash hakuna jambazi, hakuna bunduki, hakuna bomu linalohesabu sekunde. Kuna kijana wa miaka 19, seti ya dramu, na mwalimu aliyevaa nguo nyeusi. Nimeitazama mara nne, na kila mara nafika mwisho viganja vimelowa. Hofu hiyo inatoka wapi?

Damien Chazelle, aliyeiandika na kuiongoza mwaka 2014, alikuwa mpiga dramu katika bendi ya jazi ya shule yake ya sekondari, chini ya mwalimu mkali. Hofu aliyoiweka kwenye filamu alikuwa ameionja mwenyewe. Andrew Neiman, anayeigizwa na Miles Teller, anasoma katika chuo cha muziki jijini New York na anataka kuwa miongoni mwa wapiga dramu wakubwa kabisa. Terence Fletcher, anayeigizwa na J.K. Simmons, anamchukua kwenye bendi yake, kisha anaanza kumvunja.

Tazama siku yake ya kwanza katika bendi hiyo. Fletcher anamkatiza tena na tena, akimwambia mara anawahi pigo, mara anachelewa. Ghafla kiti kinarushwa usawa wa kichwa chake. Halafu yanakuja makofi ya uso, yakifuata hesabu ya mapigo, na swali lile lile: ulikuwa unawahi au unachelewa? Sasa piga hesabu. Muziki ukienda kwa mapigo 300 kwa dakika, pigo moja linachukua sehemu ya tano ya sekunde, na kosa la mpigaji ni dogo kuliko hapo. Tena wimbo wenyewe uliotoa jina la filamu, uliotungwa na Hank Levy, unahesabiwa kwa mapigo saba katika kila mzunguko, na sikio lililozoea manne linapotea njia. Wengi wetu hatusikii kosa lolote. Hatuwezi kujua kama Fletcher anasema kweli au anamtesa tu, na Andrew naye hajui. Hapo ndipo jasho linapoanza: tumeketishwa upande wa mtuhumiwa, bila ushahidi wowote mkononi.

Kazi iliyobaki ilifanywa na mhariri Tom Cross, aliyeikata filamu kama pambano la ndondi. Kijiti, toazi, tone la jasho, kidole kinachovuja damu, jicho la Fletcher. Kila picha inaangukia kwenye pigo. Filamu ilipigwa picha kwa siku 19 tu, na ikapata tuzo tatu za Oscar: ya uhariri, ya uchanganyaji wa sauti, na ya Simmons kama mwigizaji msaidizi.

Lakini kinachonirudisha kila mara ni hadithi anayoipenda Fletcher. Anasema Charlie Parker, mpiga saksafoni mashuhuri wa jazi, alikuwa kijana tu alipoharibu wimbo jukwaani, mpiga dramu Jo Jones akamrushia toazi nusura limkate kichwa, na aibu ile ndiyo iliyomzaa Parker mkubwa. Tukio lenyewe lilikuwapo, Kansas City, mwaka 1936. Ila toazi halikulenga kichwa cha mtu. Jones alilitupa sakafuni kumwashiria kijana ashuke. Watu walicheka, Parker akaondoka ameumia moyo, na kiangazi kilichofuata alijichimbia milimani Ozark na bendi ndogo, akijifunza kwa kusikiliza rekodi za mpiga saksafoni Lester Young. Fletcher ameikuza aibu na kuyafuta mazoezi. Na ukimwangalia vizuri, yeye mwenyewe hafundishi karibu chochote: haonyeshi namna ya kushika kijiti wala ya kulegeza mkono. Andrew anajifunza peke yake, usiku, vidole vimefungwa plasta.

Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na ndiyo maana Fletcher anatushawishi kirahisi. Wengi wetu tunamkumbuka mwalimu mkali tunayemshukuru leo. Ila filamu inampa uongo wa pili, mzito kuliko wa kwanza. Anaiambia bendi, machozi yakimlengalenga, kwamba mwanafunzi wake wa zamani amekufa katika ajali ya gari. Baadaye tunajua kijana huyo alijinyonga. Na mezani kwa jamaa zake, Andrew anasema afadhali kufa mlevi na maskini akiwa na miaka 34 watu wakamkumbuka, kuliko kufika 90 bila kukumbukwa. Umri huo ni wa Parker. Alikufa mwaka 1955 akiwa na miaka 34.

Basi tunaingia onyesho la mwisho tukiyajua yote hayo. Fletcher anamtega Andrew mbele ya hadhira, kijana anatoka jukwaani, baba yake anamkumbatia. Kisha anageuka na kurudi, anaanzisha wimbo wa Caravan bila ruhusa, na kwa dakika kadhaa anapiga kama hatujawahi kumsikia. Nami hushangilia, kila mara, hata nikijua ninachokishangilia. Katikati ya dhoruba ile kamera inamwendea baba, aliyesimama nyuma ya mlango akichungulia kwenye ufa. Ni mtu mzima anayemtazama mwanawe akifika pale alipotaka kufika siku zote, na usoni mwake hakuna tabasamu.