Mwanahistoria wa Roma hasomi vitabu tu

Wengi hudhani mtaalamu wa historia ya Ugiriki na Roma ya kale hukaa maktabani akirudia yaliyokwisha kuandikwa, maana jipya halipo. Theodor Mommsen, Mjerumani aliyesomea sheria Kiel, alifanya kinyume kabisa. Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 1902 hasa kwa historia yake ya Roma, lakini jasho lake jingi lilimwagika kwenye mawe ya kale yaliyochongwa maandishi.

Mwaka 1852 alitoa mkusanyo wa maandishi hayo ya Kilatini kutoka ufalme wa Naples, kusini mwa Italia. Sharti lake: jiwe likiwapo, lisomwe lenyewe, si kunakiliwa kutoka daftari la mwingine. Alikuwa na sababu. Pirro Ligorio, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16, alibuni maandishi mengi ambayo Warumi hawakuyachonga kamwe, na waliomwamini wakaeneza uongo.

Kunakili jiwe ni kazi ya mikono. Husafishwa, hufunikwa karatasi nene iliyoloweshwa, nayo hugongwa kwa brashi mpaka iingie kwenye michongo, kisha huachwa ikauke. Ukiibandua ingali mbichi, huchanika au herufi hufifia. Maandishi yanapochapishwa kitabuni, herufi zilizopotea kwenye jiwe na kujazwa na msomi huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Anayenukuu bila mabano hayo anageuza makisio kuwa ushahidi (kosa la kizembe, na si dogo).

Na ajira? Mommsen alifukuzwa uprofesa Leipzig mwaka 1851 kwa sababu za kisiasa, akafundisha Zürich na Breslau kabla ya kuhamia Berlin mwaka 1858.