Je, wajua kwa nini ndani ya sikio mna ngoma, nyundo na kikuku?

Kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mdomo wa mzinga mpaka ikaze, kama afanyavyo fundi wa ngoma. Kwa hiyo ukisema kiwambo cha sikio, ngoma umeshaitaja. Madaktari nao hawako mbali: timpano, neno wanaloandika kwenye cheti, limetoka Kigiriki kupitia Kilatini, na maana yake ni ngoma vilevile.

Kufanana kupo kweli. Kiwambo ni utando wenye upana wa milimita 9 hivi na unene wa takriban milimita 0.1, umewambwa mwisho wa tundu la sikio. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, ndicho sikio la kati. Ila ngoma hii haipigwi ili itoe sauti. Sauti ndiyo inayoipiga.

Mle chumbani mna mifupa mitatu, na hapo waliotoa majina wakahama ngomani wakaingia kwa mhunzi: nyundo, fuawe, halafu kikuku, kile anachotilia mguu mpanda farasi. Walifuata umbo, si kazi, na kwa maoni yangu jina la nyundo linapotosha. Haigongi kitu. Mpini wake umegandana na kiwambo, kichwa chake kimeungana na fuawe, kiwambo kikitikisika vyote vinakwenda pamoja. Kikuku, hapo hawakukosea: kina matao mawili, kikanyagio chini na uwazi katikati, chote kikiwa na urefu wa milimita 3 hivi. Ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini.

Kwa nini basi msururu wote huo? Sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani ikikutana na maji, karibu yote hurudishwa ilikotoka. Eneo la kiwambo linalotikisika ni kama mara 17 ya lile la kikanyagio cha kikuku. Nguvu iliyokusanywa pakubwa hukandamizwa padogo, kama ulivyo mguu wenye kisigino chembamba ukilinganisha na wenye ndara.

Hata jina la ugonjwa wa chumba hiki, otitisi media, ni maneno ya kuunga tu: oto ni sikio, itisi ni uvimbe wenye joto na maumivu, media ni kati. Huwapata zaidi watoto, kwa kuwa mrija wa Eustachi, unaounganisha chumba kile na nyuma ya pua, kwao ni mfupi na umelala, hivyo maambukizi ya mafua hupanda kirahisi.

Jina ninalolipenda mimi ni uzi wa ngoma. Ni neva nyembamba inayopita katikati ya nyundo na fuawe, lakini haihusiki na kusikia hata kidogo: inabeba ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi. Ikiguswa wakati wa upasuaji wa sikio, mgonjwa anaweza kukaa wiki kadhaa akisikia ladha ya chuma mdomoni.