Hisia katika Sera ya Umma: Dhana Zinazonichosha

Katika kila semina ninayowaendeshea maofisa mipango wa halmashauri, hakosekani mmoja wa kusimama na kusema kwamba sera hutungwa kwa takwimu na sheria, na kwamba huruma ni kazi ya misikiti na makanisa. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno hata siku hizi nalitaja mwenyewe kabla halijasemwa.

Anayelisema hudhani kwamba uamuzi mkali hauna hisia ndani yake. Tazama suala la wanafunzi waliopata mimba Tanzania Bara. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa, wala hazikutaja mimba. Zilisomwa tu kana kwamba zimeitaja, hadi Juni 2017 Rais John Magufuli alipotamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shuleni. Hoja ilikuwa kwamba wengine wangeiga. Hiyo ni hofu, na kwa maoni yangu nyuma yake zilikuwamo aibu na hasira. Zote tatu zikapita kama hoja za kitaalamu, ilhali uchungu wa msichana ukaitwa udhaifu. Kenya ilikuwa imewaruhusu warejee tangu 1994, kwa hiyo aliyetaka kuipima hofu hiyo alikuwa na mfano kwa jirani. Zuio la Tanzania liliondolewa Novemba 2021. Kwa sababu hiyo nawataka maofisa waorodheshe kila hisia iliyomo katika rasimu, ikiwamo ya mtungaji mwenyewe, na waulize kila moja imetokana na nini na inambebesha nani mzigo.

Dhana kwamba mwenye huruma hujua shida za watu bila kuwauliza ni ya kiungwana zaidi, lakini si ya kweli. Kenya ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma tarehe 1 Juni 2013, na ada zilikuwa kikwazo kweli. Hata hivyo, utafiti katika vituo 13 nchini humo ulikuta mwanamke 1 kati ya 5 akieleza kwamba alidhalilishwa au kuvunjiwa heshima wakati wa kujifungua, jambo ambalo hesabu ya ada hailionyeshi. Nasisitiza, hata wakinicheka, kwamba anayeandika sera ya kliniki akakae kwenye benchi la kliniki tangu alfajiri, bila gari la ofisi wala kitambulisho shingoni.

Wanaotaka sera ibadilishwe kwa picha moja ya mtoto anayelia nawauliza tu ni wangapi walio katika hali hiyohiyo na hawakupigwa picha.