Daraja la Thanh Hoa na Hesabu ya Vita vya Anga Nchini Vietnam

Tarehe 3 Aprili 1965, ndege za kijeshi za Marekani zinazokaribia 80 ziliruka kwenda kulishambulia daraja moja la chuma katika Mto Ma, kilomita chache kutoka mji wa Thanh Hoa, Vietnam Kaskazini. Daraja hilo, ambalo wenyeji waliliita Ham Rong, yaani Taya la Joka, lilikuwa limekamilika mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na lilibeba reli na barabara kwa pamoja kuelekea kusini. Siku hiyo lilirushiwa mabomu 120 ya kilo 340 kila moja pamoja na makombora 32. Moshi ulipotawanyika, daraja lilikuwa limesimama palepale. Makombora hayo madogo yalikuwa yamelipuka juu ya chuma kizito na kuacha masizi tu. Kesho yake ndege zilirudi, daraja likaharibika kiasi lakini halikuanguka, na ndege mbili za Marekani aina ya F-105 zikatunguliwa na MiG-17 za Vietnam Kaskazini, ndege za zamani zaidi na za mwendo mdogo zaidi.

Tunaanza na daraja hili kwa sababu katika mihadhara yetu ya historia wananchi huuliza swali lilelile: iliwezekanaje dola yenye jeshi la anga lenye nguvu kuliko yote duniani ishindwe kuilazimisha nchi ya wakulima wa mpunga kusalimu amri? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba wanasiasa wa Washington waliwafunga marubani mikono. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi.

Uhalali wa vita hivyo, ambamo Marekani iliisaidia serikali ya Vietnam Kusini dhidi ya Vietnam Kaskazini ya kikomunisti na wapiganaji wa msituni walioungwa mkono nayo, ulikuwa na utata tangu mwanzo. Agosti 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilitangaza kwamba manowari zake zimeshambuliwa mara mbili na Vietnam Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin, kando ya pwani yake. Shambulizi la tarehe 2 lilitokea kweli, lakini lile la tarehe 4 halikutokea, kama nyaraka zilizofunguliwa baadaye zilivyoonyesha. Hata hivyo, ni kwa msingi wa taarifa hizo Bunge la Marekani lilimpa rais idhini pana ya kutumia nguvu za kijeshi. Machi 1965 ikaanza operesheni ya kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mabomu, iliyoitwa Rolling Thunder, ambayo iliendelea hadi mwisho wa Oktoba 1968.

Ni kweli kwamba Johnson na washauri wake walichagua shabaha wenyewe, mara nyingi katika chakula cha mchana cha Jumanne. Walihofia kuivuta China vitani kama ilivyotokea Korea, na kwa hiyo maeneo ya karibu na mpaka, vitongoji vya Hanoi, mji mkuu wa kaskazini, na bandari ya Haiphong viliwekewa mipaka mikali. Meli za Kisovieti zilipakua shehena Haiphong mbele ya macho ya marubani, na uchungu wa watu hao, ambao wenzao walikuwa wakitunguliwa na silaha zilizopita bandarini hapo, unaeleweka kabisa. Tangu Julai 1965 yaliongezeka makombora ya Kisovieti yaliyoongozwa kwa rada, na ndege ziliposhuka chini kuyakwepa ziliangukia kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Kufikia mwisho wa operesheni hiyo Marekani ilikuwa imepoteza ndege zaidi ya 900.

Lakini tujiulize, hata kama mipaka hiyo isingekuwepo, mabomu yangebomoa nini? Vietnam Kaskazini haikuwa na viwanda vikubwa vya silaha, kwa sababu silaha zake zilitengenezwa Urusi na China. Wapiganaji waliokuwa kusini walipigana kwa vipindi, wakajificha, wakala mpunga wa vijiji vilivyowazunguka, na kwa miaka mingi mahitaji yao kutoka nje yalikuwa tani chache tu kwa siku, shehena ya malori ya kuhesabika. Hakuna jeshi la anga duniani lingeweza kuziba kila upenyo wa malori machache namna hiyo msituni. Kiangazi cha 1966 wanasayansi waliokusanywa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani waliripoti kwamba mashambulizi yale hayakuwa na athari ya kupimika katika uwezo wa Hanoi wa kuendesha vita kusini. Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alilieleza Baraza la Seneti jambo hilohilo Agosti 1967, na miezi michache baadaye akaondoka wizarani.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, lilipo kosa kubwa zaidi. Kwa kuwa matokeo ya vita hayakupimika kwa urahisi, makao makuu yalihesabu kile kilichohesabika: safari za mashambulizi, tani zilizodondoshwa, malori yaliyoteketezwa. Jeshi la Anga na Jeshi la Majini yakashindana kwa idadi ya safari. Katika Njia ya Ho Chi Minh, mtandao wa barabara zilizopita katika misitu ya Laos, vitambuzi vya sauti na mtikisiko vilidondoshwa kutoka angani, na kompyuta zilizokuwa kituo cha Nakhon Phanom, Thailand, zikapokea ishara zake usiku na mchana. Ikafika wakati idadi ya malori yaliyodaiwa kuteketezwa kwa mwaka ikazidi malori yote ambayo wapelelezi wa Marekani wenyewe waliamini kwamba yapo Vietnam Kaskazini. Na malori yakaendelea kupita.

Kusini hali ilikuwa tofauti, na hatuna budi kuwa waadilifu. Helikopta aina ya Huey ziliwabeba majeruhi kutoka uwanja wa mapambano hadi hospitali kwa kasi isiyowahi kuonekana vitani, na maelfu ya askari wako hai kwa sababu hiyo. Kambi ya Marekani ya Khe Sanh, iliyozingirwa kwa siku 77 mwaka 1968, isingehimili bila ndege. Hata hivyo, ndege kubwa za mabomu aina ya B-52 zilizosaidia kuiokoa Khe Sanh ziliruka juu kiasi kwamba mwanakijiji aliyekuwa chini hakuziona wala kuzisikia. Dalili ya kwanza ilikuwa ardhi yenyewe kupasuka. Ndege nyingine, kati ya 1962 na 1971, zilinyunyizia misitu na mashamba zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea. Iliyotumika zaidi, iliyotambulika kwa mkanda wa rangi ya chungwa kwenye mapipa yake, ilikuwa na dioksini, sumu ambayo hadi leo inasafishwa katika udongo wa uwanja wa ndege wa Bien Hoa.

Mwaka 1972 mambo yalibadilika. Mwishoni mwa Machi, Vietnam Kaskazini ilivamia kusini kwa vifaru, mizinga mizito na vikosi vya kawaida, yaani jeshi linalokunywa mafuta kila siku. Mwezi Mei Rais Richard Nixon aliamuru mlango wa Haiphong utegwe mabomu ya majini, na marubani wakapewa silaha mpya: mabomu yanayoongozwa kwa leza. Tarehe 13 Mei, ndege 14 zililirudia daraja la Thanh Hoa. Safari hii upande wa magharibi uling'oka kwenye tegemeo lake. Kazi iliyoshindikana kwa mamia ya safari katika miaka saba ilifanyika kwa mabomu hayo katika siku moja. Wapo wanaolichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba teknolojia peke yake ndiyo iliyokosekana. Sisi tunaona kwamba adui pia alikuwa amebadilika, kwa kuwa jeshi la vifaru linalihitaji daraja kwa namna ambayo wapiganaji wa msituni hawakuwahi kulihitaji.

Kisha ikaja Desemba. Kuanzia tarehe 18 hadi 29, B-52 zilishambulia Hanoi na Haiphong, zikisimama kwa siku ya Krismasi tu, na 15 kati yake zikatunguliwa. Wakazi wengi wa Hanoi walikuwa wamehamishwa; waliobaki walikimbilia mashimo ya zege ya mtu mmoja mmoja yaliyochimbwa kando ya barabara, kila shimo na kifuniko chake. Usiku wa tarehe 26 mabomu yaliangukia mtaa wa Kham Thien, ambako watu zaidi ya 200 waliuawa. Leo mtaani hapo pana sanamu ya mwanamke aliyepakata mtoto aliyekufa. Mkataba wa Paris wa kusitisha vita ulitiwa saini tarehe 27 Januari 1973, na wapo wanaosema kwamba mabomu ya Desemba ndiyo yaliyouleta. Lakini masharti yake makuu yalifanana sana na yale yaliyokwisha kukubaliwa Oktoba, na majeshi ya kaskazini yaliruhusiwa kubaki mahali yalipokuwa kusini. Aprili 1975 Saigon, mji mkuu wa kusini, ikaanguka.

Kwa jumla, zaidi ya tani milioni 7 za mabomu zilidondoshwa Vietnam, Laos na Kambodia. Laos, ambayo haikuwa imetangaziwa vita na yeyote, ilipokea zaidi ya tani milioni 2 kati ya 1964 na 1973, katika kampeni iliyofichwa kwa umma wa Marekani. Baadhi ya ndege zilizokosa shabaha Vietnam zilimwaga mabomu yake Laos ili zisitue nayo. Mengi yalikuwa mabomu ya vishada, ambapo kasha moja hufunguka angani na kutawanya mamia ya vibomu vya duara, kila kimoja ukubwa wa limau. Inakadiriwa kwamba vibomu milioni 270 vilidondoshwa, na hadi milioni 80 havikulipuka.

Walao huviita bombi. Tangu vita vikome vimeua na kujeruhi watu zaidi ya 20,000, wengi wao wakulima waliogusa kimoja kwa jembe, au watoto waliodhani wameokota mpira. Hadi leo, katika mikoa kama Xieng Khouang, vikosi vya uteguzi hupita shambani hatua kwa hatua na vifaa vya kutambua chuma, huweka alama mahali pa hatari, huwaondoa wanakijiji, kisha hulipua kibomu kilichodondoshwa kabla mteguzi mwenyewe hajazaliwa.