Bodi ya shirika si wenye shirika

Huu ni mwaka wa sita naandika mihtasari ya vikao vya bodi ya asasi moja ndogo hapa Kigoma mjini. Asasi yetu ni mwanachama wa mtandao unaoshughulikia mambo mawili ambayo wengi huyaona kama mbingu na ardhi: uzazi wa mpango na utunzaji wa mazingira. Mimi si mjumbe. Kazi yangu ni kukaa pembeni na daftari. Lakini nikipita sokoni Mwanga nasikia mengi yanayosemwa kuhusu wale ninaokaa nao, na mengine yananishinda kunyamaza.

"Wale ndio wenye shirika, wanagawana hela za wafadhili." Hili ndilo la kwanza, na nalielewa, maana watu wameona mengi. Ila Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, haina nafasi ya mtu kumiliki shirika kama duka. Shirika haligawi faida, na kila mwaka linatakiwa kuwasilisha kwa Msajili taarifa ya kazi pamoja na ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Hata Uingereza, ambako baadhi ya mitandao ya namna hii imesajiliwa, wadhamini wa shirika la hisani, yaani wajumbe wa bodi yake, kwa kawaida hawalipwi. Hurudishiwa gharama tu. Kwetu mjumbe hupata nauli na chakula cha mchana. Kikao kilichopita kilikuwa wali na dagaa, na mzee mmoja aliondoka akinung'unika kwamba dagaa walikuwa na mchanga.

"Kazi yao kugonga mhuri." Hapo nitakaa kidogo.

Robo mwaka moja mhasibu alileta hesabu ya safari ya boti kutoka Kibirizi hadi Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini mwa hifadhi ya Gombe, kupeleka wauguzi. Petroli: lita 140. Ukurasa ulikuwa umeshapita, mwenyekiti ameshafunua unaofuata, mara mama mmoja akasema, "Ebu turudi nyuma." Mama huyo anauza migebuka, samaki wa ziwa letu, mumewe amevua ziwani maisha yake yote. Akauliza injini ilikuwa ya nguvu gani. Akaambiwa farasi arobaini. Akauliza boti ilikwenda na kurudi mara ngapi. Mara moja. Akavua miwani, akasema, "Mume wangu huko anakwenda na upepo usoni, hamalizi hata nusu ya hayo. Hizo nyingine zimekunywa nini?" Chumba kizima kimya. Stakabadhi ikaitwa, ikaonekana safari mbili zimeandikwa kama moja, na ya pili haikuwa na kibali. Haikuwa wizi mkubwa, lakini tangu siku hiyo fomu ya safari ina mstari wa injini na saa za kutembea. Huo ndio mhuri wenyewe.

"Basi mtandao wa nje ndio unaowaamuru." Mtandao una bodi yake na sisi tuna yetu. Bodi ya mtandao husimamia mtandao. Haiwezi kumfukuza mkurugenzi wetu. Inaweza kutubana kwa masharti ya ruzuku tuliyotia saini wenyewe, na katiba yake inaweza kumtoa mwanachama. Zaidi ya hapo, wa kujibu ni sisi.

Zito zaidi ni hili: "Wameletwa kupunguza Waha," yaani sisi wenyeji wa Kigoma. Nimelisikia msibani, nimelisikia kwenye daladala ya Ujiji. Tangu mkutano wa Cairo wa 1994, ambao Tanzania ilishiriki, msimamo uliokubaliwa duniani ni kwamba wenza na mtu binafsi ndio wanaoamua idadi ya watoto na lini wawapate, bila kulazimishwa. Bodi yetu imekataa mara mbili, na nimeiandika mimi, pendekezo la kupima wafanyakazi kwa idadi ya wanawake waliochukua njia ya uzazi. Muuguzi anayesakwa na lengo la namba ataanza kusukuma watu.

Halafu namba zenyewe hazisemi watu wanavyodhani. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Kigoma na watu 2,127,930, na ile ya 2022 ikakuta 2,470,967. Jirani zetu Tabora walitoka 2,291,623 hadi 3,391,679. Tabora imeongeza watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, ila wanaotajwa kwa kujaza watoto ni sisi! Wala misitu haimalizwi na wingi wa watu tu: kule Urambo na Kaliua, huko huko Tabora, kuni za kukaushia tumbaku nazo zina hesabu yake. Mjumbe mmoja aliyekulia huko huikumbusha bodi hilo kila anapoonyeshwa mchoro wenye watu upande mmoja na miti upande wa pili.

"Kuingia bodini lazima uwe profesa, au Mzungu." Tuna daktari mmoja na mwanasheria mmoja, tunawahitaji. Ila Ziwa Tanganyika lilipofungwa ili uvuvi usimame, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, si wao waliowaza kuhamishia mazungumzo ya wenza kuhusu uzazi wa mpango kwenye miezi hiyo. Ni yule mama wa migebuka: "Wanaume wote wapo nyumbani, mnangoja nini?"

Kwamba bodi ndiyo inayoendesha ofisi si kweli, ila hata baadhi ya wajumbe wenyewe huamini. Yupo aliyempigia dereva wa ofisi simu ampeleke msibani Kasulu. Mwenyekiti alimwita kando. Yaliyosemwa hayamo kwenye daftari langu.

Na lile la "ndugu wa mjumbe ndiye anayepata kazi"? Mwaka jana tulitafuta mhifadhi wa miche. Ajenda ilipofika, mzee wa dagaa wenye mchanga akanyanyuka: "Mpwa wangu ameomba, mimi natoka." Nikaandika jina na saa. Akaenda kukaa chini ya mwembe. Mpwa hakupata, mjadala ukahamia bei ya mbegu, kisha kisima, na hakuna aliyemkumbuka mzee huko nje mpaka binti wa chai alipoingia akiuliza kwa nini kikombe kimoja kimebaki.